Mtoto wa Tatu Aliyesahauliwa na Kikao cha Wazazi

Wiki tatu zilizopita, wazazi wa shule moja ya bweni iliyo nje kidogo ya mji wa Moshi walikubaliana kwamba kitabu kimoja cha hadithi kiondolewe kwenye rafu za maktaba ya shule. Ni kitabu chembamba cha Kiswahili kinachomsimulia msichana wa kidato cha kwanza anayeonewa bwenini. Anafulishwa nguo za wakubwa, ananyang'anywa sukari na sabuni, anapigwa usiku taa zikishazimwa, na mwisho anatoroka alfajiri kupitia mashamba ya kahawa. Mzazi mmoja alikikuta kwenye begi la mwanawe wakati wa likizo, akapiga picha kurasa mbili na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Kufika jioni kurasa zile zilikuwa zimesambaa hadi Arusha, kwa watu wasio na mtoto katika shule ile. Ujumbe wa sauti ulionifikia mara nyingi zaidi ulikuwa wa baba mmoja aliyeuliza kwa uchungu: "Tunalipa ada ili watoto wakasomee kupigana?" Mimi ni mzazi pale. Kikao kilipopiga kura nilikuwa miongoni mwa watano walioinua mkono kupinga.

Naandika kwa sababu naamini tuliamua vibaya, na kosa letu lilianzia kwenye namna tulivyolitazama jambo lenyewe. Kwa saa mbili nzima tulizungumzia watoto wawili tu: mwonevu, ambaye tulihofia ataiga, na anayeonewa, ambaye tulihofia atatoneshwa kidonda. Hakuna aliyemtaja mtoto wa tatu, yule aliyelala kitanda cha jirani, anayesikia kila kitu kisha anavuta shuka hadi usoni. Watoto wa aina hiyo ndio wengi katika kila bweni. Hadithi ya uonevu ikiandikwa vizuri humfikia huyo kuliko mwingine yeyote. Nadhani ndiyo sababu ilitutisha sisi watu wazima, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa watoto wa tatu tukiwa shuleni, na kwenye ule ukumbi tulikuwa bado ni wale wale.

Asiyeishi huku huenda asielewe bweni lina uzito gani katika maisha yetu. Kila Januari stendi ya Moshi hujaa tranka, ndoo na magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Watoto wanashuka kutoka Dar es Salaam, Tanga, Singida na Dodoma kwa sababu mzazi ameambiwa Kilimanjaro na Arusha kuna shule. Bweni kwetu ni alama ya mzazi aliyejituma. Mapema 2023 serikali ilitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, na nakumbuka malalamiko yaliyosikika mitaani, kana kwamba familia zimenyimwa haki fulani. Kwa hiyo mtu akisema kwamba bwenini kuna mateso, haambiwi tu kuwa anazungumzia shule. Anaonekana anawagusa mama na baba katika uamuzi wao mkubwa, ule waliouuzia ng'ombe au kuukopea.

Hata hivyo mateso yapo, na yana msamiati wake mpole. Mgeni wa kidato cha kwanza anaitwa njuka. Kumtumikisha kunaitwa kumzoesha. Akilia kwa matroni, anaambiwa amewachongea dada zake. Mwaka 2011 ilitolewa ripoti ya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika 2009, nayo ilionyesha kwamba takriban robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Kanuni za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na viandikwe kwenye daftari. Mtu yeyote aliyesoma shule zetu anajua umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na paredi ya Jumatatu asubuhi. Agosti 2018, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake. Miaka miwili kabla, mwaka 2016, nchi nzima ilitazama video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya kwa ngumi na mateke. Mtoto anayeona mkubwa akimpiga mdogo bila kuulizwa mchana, usiku naye hutafuta aliye mdogo kwake.

Sasa tumtazame mtoto wa tatu. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika shule za msingi za Toronto. Walirekodi watoto kwa kamera na vinasa sauti wakicheza kwenye viwanja vya shule, badala ya kuwauliza baadaye. Karibu kila tukio la uonevu, asilimia 88, lilikuwa na watoto wengine wakitazama. Walioingilia kati walifanya hivyo katika asilimia 19 tu ya matukio. Lakini pale mtoto mmoja alipothubutu kusema "muache", zaidi ya nusu ya nyakati uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi ni muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja. Ufini walipobuni KiVa, mpango wao wa kitaifa wa kupambana na uonevu shuleni, kupitia Chuo Kikuu cha Turku, waliujenga juu ya hoja hii hii: mwonevu anatafuta hadhira, na hadhira ikimgeuka nguvu zake zinapungua. Walielekeza nguvu nyingi kwa watazamaji. Sisi kwenye kikao chetu hata jina la kuwaita hatukuwa nalo.

Niseme moja la kwangu. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ya wasichana upande huu huu wa mlima, tulikuwa na njuka mmoja aliyekuwa akikojoa kitandani. Kiranja wa bweni aliamuru kwamba kila akilowesha, abebe godoro kichwani apite nalo mbele ya paredi ya asubuhi kwenda kulianika nyuma ya bwalo. Lilikuwa godoro la sponji lenye kava la maua ya bluu. Upande uliolowa ulikuwa mzito, ukamwinamia usoni, na matone yalimchuruzikia sikioni. Hakuweza kujifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa juu. Tulicheka, zaidi ya wasichana mia tatu. Mimi nilicheka. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama pale na daftari lake la mahudhurio. Muhula uliofuata yule mtoto hakurudi, na hakuna aliyeuliza. Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa sikumtendea kitu. Nilikuwa nimeshapita umri wa miaka thelathini niliposoma hadithi fupi ya shule ya nchi nyingine kabisa, ambamo darasa zima linamcheka mtoto mmoja, nikalazimika kuweka kitabu chini na kwenda kusimama dirishani. Hakuna hotuba ya mkuu wa shule iliyowahi kunifanya hivyo. Wala ibada, na nimekwenda ibadani kila Jumapili.

Sababu si ngumu kuiona. Mwalimu akisema paredini "uonevu ni marufuku", kila mtoto anaangalia kushoto na kulia kumtafuta mwonevu, na kila mmoja anajikuta hayumo. Tangazo linamhusu mtu mwingine. Hadithi inafanya kazi kwa njia nyingine. Inamchukua msomaji inamweka ndani ya bweni, inamfanya asikie nyayo zikija, ajue kitanda kitakachosimamiwa kabla hata mwenye kitanda hajajua. Kurasa nzima msomaji anajua na hawezi kufanya lolote, yaani yuko katika hali ile ile ya mtoto wa tatu, isipokuwa safari hii hana shuka la kujifunika. Akifunga kitabu ana maneno ambayo hakuwa nayo. Kile alichokuwa akikiita kuzoeshwa kimepata jina lake halisi. Binti yangu, aliyekisoma kitabu hiki kabla hakijafungiwa, hakuniuliza chochote kuhusu msichana anayetoroka. Aliuliza kwa nini yule rafiki yake wa kitanda cha chini hakumwita matroni.

Hadithi ina faida nyingine ambayo video haina. Ile video ya Mbeya ilisaidia hatua zichukuliwe, hilo sikatai. Lakini ilimwacha kijana wa kweli, mwenye mama na mtaa na marafiki, akitazamwa akipigwa na watu wasiohesabika, na itabaki kwenye simu za watu maisha yake yote. Katika hadithi hakuna mtoto wa kweli wa kuaibishwa. Unaweza kuisoma mbele ya darasa zima, mkamjadili mwonevu na aliyeonewa na waliokaa kimya, bila kidole kumnyooshea mtu, huku kila mmoja akijua moyoni ni nani anazungumziwa. Kwa jamii kama yetu, inayoogopa aibu kuliko inavyoogopa maumivu, sijui njia nyingine ya kulizungumza jambo hili kwa uwazi kiasi hicho.

Waliokuwa upande wa pili hawakuwa wajinga, na hoja yao kubwa inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema mtoto huiga. Ushahidi wanao, ingawa kwenye kikao hakuna aliyeutaja. Mwandishi wa Marekani Stephen King aliwahi kuandika, kwa jina la bandia, riwaya iliyotoka 1977 kuhusu mwanafunzi anayeua walimu na kushika darasa mateka kwa bunduki. Mwaka 1997 kijana mmoja wa Kentucky aliua wanafunzi wenzake watatu, na nakala ya riwaya hiyo ikakutwa kwenye kabati lake shuleni. King mwenyewe akaomba isichapishwe tena. Alieleza baadaye kwamba kitabu hakikuwatengeneza vijana wa aina hiyo, walikuwa wameshavunjika tayari, ila kinaweza kuwa kiliongeza kasi. Tena mwaka 2017 kampuni ya Netflix ilionyesha tamthilia ya msichana aliyeonewa shuleni akajiua, na utafiti uliochapishwa 2019 ukakuta kwamba mwezi uliofuata vifo vya kujiua vya Wamarekani wa miaka 10 hadi 17 viliongezeka kwa asilimia 28.9. Ongezeko hilo lilionekana hasa kwa wavulana, ilhali mhusika alikuwa msichana, na watafiti wengine walipochambua takwimu upya walitilia shaka hitimisho. Hata hivyo, 2019 hiyo hiyo Netflix iliondoa tukio la kifo chenyewe kwenye tamthilia. Nami naona ilifanya sawa.

Kwa hiyo sisemi kila hadithi ya ukatili ni dawa. Mifano yote miwili ina kitu kinachofanana: msomaji au mtazamaji anaingizwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na kitendo cha mwisho, kiwe kisasi au kujiua, kinawekwa kama jibu linalomaliza mambo na kuwafanya wote waliomkosea wajute. Hapo ndipo penye hatari. Mtoto aliyekata tamaa hahitaji kuonyeshwa mlango huo ukiwa umepambwa. Maswali ambayo kamati ya shule ingepaswa kujiuliza kuhusu kitabu chetu yalikuwa hayo: je, kisasi kinashangiliwa? Je, kifo kinaelezwa kama njia? Je, kuna mtu mzima hata mmoja anayesikiliza? Nilikisoma mara mbili. Hakuna kisasi, hakuna kifo. Yuko mama mmoja mchuma kahawa anayemkuta mtoto shambani, anampa uji na kumrudisha shuleni akiwa ameshika mkono wake, kisha anakaa ofisini kwa mkuu wa shule hadi asikilizwe. Kurasa mbili zilizopigwa picha hazikuwa na huyo mama.

Hoja ya mtoto aliyejeruhiwa ni nzito zaidi kwangu. Kuna watoto ambao ukurasa wa kupigwa usiku utawarudisha pale pale walipopigwa, watakosa usingizi, watagoma kurudi shule. Mzazi mmoja alisimama kikaoni, sauti ikamkatika, akasema binti yake hali chakula tangu akisome kile kitabu. Ukumbi wote ukanyamaza, na nadhani kura ziliamuliwa dakika ile. Mimi nilitoka na swali ambalo sikuwa na ujasiri wa kuliuliza mbele za watu: mtoto asiyekula baada ya kusoma habari za bweni amekutana na nini bwenini? Kitabu kinaweza kuwa kimesababisha, na kinaweza pia kuwa kimefichua. Kumpokonya bila kumuuliza ni sawa na kutupa kipimajoto kwa sababu kimeonyesha homa. Mtoto kama huyo alihitaji kusoma akiwa na mtu kando yake. Alikisoma peke yake, chini ya shuka, kwa tochi ya simu ya kuazima, na kosa hilo ni letu watu wazima.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo iliyopigiwa makofi mengi: kwamba mambo haya si utamaduni wetu. Wengi waliunganisha na uamuzi wa Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, wakadhani kitabu chochote chenye tendo baya kinaingia kwenye kundi lile. Lakini kitabu kinachosimulia ubaya hakijausifia ubaya, na anayesema ukatili dhidi ya mtoto mdogo ni mgeni hapa kwetu na asome tena ile ripoti ya 2011. Bibi zetu Uchagani walitusimulia irimu anayekula watoto, nasi tukiwa na miaka mitano. Ngano zimejaa mama wa kambo wanaotupa watoto visimani. Hakuna aliyewahi kusema bibi anaharibu watoto. Tofauti ni kwamba bibi alikuwepo. Alikuona ukitetemeka, akakuvuta karibu na moto, na hadithi ilipoisha ulimuuliza maswali hadi usingizi ukakuchukua. Kilichokuwa cha kwetu ni kule kusikiliza pamoja. Hicho tumekiacha, na kitabu hakihusiki na kukiacha kwetu.

Liko jambo lingine lililosemwa kwa sauti ya chini, kwamba kitabu kitaharibu jina la shule. Sitalipitia kwa urefu. Jina la shule linalindwa na matroni anayeamka saa nane usiku kuzunguka mabweni.

Kinachonigusa zaidi ni kile ambacho hadithi hizi zinatufanyia sisi wazazi. Mzazi akisoma habari ya mtoto anayeteswa, hofu humpeleka upande mmoja kati ya miwili. Wengine wanawaka: mtoto ahamishwe, mwalimu afukuzwe, kitabu kichomwe. Wengine wanajituliza kwa usemi niliolelewa nao: "Vumilia mwanangu, hata sisi tulipita huko huko." Usemi huu wa pili ndio unaoniumiza, maana unageuza maumivu yetu kuwa kipimo cha mtoto. Tulipita, ndiyo. Yule mwenye godoro hakupita. Mtoto akipiga simu Jumapili kwa simu ya matroni, huku wenzake wamepanga foleni nyuma yake na matroni yuko hatua mbili, hawezi kusema ameonewa. Atasema "naumwa kichwa", au "nitumie hela ya matumizi imeisha". Mzazi aliyesoma hadithi ya msichana anayemaliza hela yake kila wiki kwa sababu ananyang'anywa atasikia kitu kingine kabisa ndani ya sentensi hiyo. Mimi nimejifunza kuuliza maswali ya majibu ya ndiyo na hapana. "Kuna watu karibu?" "Hela umeitumia mwenyewe?" Nilijifunza hayo kwenye hadithi, wala si kwenye kikao chochote cha wazazi.

Kwa hiyo tukisema kitabu kirudi, hatujamaliza. Kirudi kikiwa na mtu. Shule zetu nyingi zina mwalimu wa malezi ambaye kazi yake kwa vitendo ni kupatanisha waliogombana na kuandika barua za kusimamishwa masomo. Apewe kipindi kimoja kwa wiki asome na kidato cha kwanza na cha pili, kurasa chache kwa sauti, kisha anyamaze awasikilize. Watoto waambiwe mapema hadithi inahusu nini, na anayetaka kutoka nje aruhusiwe bila kuulizwa mbele za wenzake. Namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, ibandikwe ndani ya mlango wa kila bweni, na iwepo simu ambayo mtoto anaweza kuitumia bila kusimamiwa na mtu wa shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 tayari inamkinga dhidi ya mateso na adhabu za kikatili, lakini sheria haimfikii aliyelala kitanda cha juu saa tano usiku. Anayeweza kumfikia saa hiyo ni mwenzake wa kitanda cha chini, kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kusema neno.

Nakala zote kumi na mbili kwa sasa zimefungiwa kwenye kabati la chuma ofisini kwa mkuu wa shule. Kikao kijacho ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nimeshaandika barua kuomba kabati lifunguliwe siku hiyo, na sura ya mama mchuma kahawa isomwe kwa sauti mbele yetu sote, kuanzia anapomkuta mtoto shambani hadi anapokataa kuondoka ofisini. Ni kurasa sita. Baada ya hapo tupige kura upya.